Kompyuta inasema niko sawa, shingo inakataa

Shikamoo Mama,

Mimi ni afisa utawala katika ofisi ya watu 120 hivi, na kama 40 kati yao siku nyingi hufanyia kazi nyumbani. Kila mwaka tulikuwa tunamwita mtaalamu wa ergonomia, yaani wa kufanya kiti, meza na kazi vilingane na mwili wa mtu. Anakuja na mkoba wake na tepu ya kupimia, anapita meza hadi meza, anapima viti, anauliza panapouma, kisha anatuandikia ripoti.

Mwaka huu mkurugenzi wetu amepata programu. Mfanyakazi anajibu maswali 30, anawasha kamera ya kompyuta mpakato kwa dakika 10 huku akiendelea na kazi, halafu anapewa rangi: kijani uko salama, njano rekebisha, nyekundu uko hatarini. Sasa anataka tuachane na mtaalamu kabisa. Maneno yake ni haya: "Binadamu anachoka, ana upendeleo, na hawezi kuwamaliza watu wote kwa siku mbili. Kompyuta haichoki."

Tumeijaribu mwezi mmoja, watu 26. Tuliopata kijani ni 22. Mkurugenzi amefurahi, mimi sijafurahi.

Kwanza, mimi mwenyewe nimepata kijani na shingo inaniuma. Ilianza kidogo nilipobadilishiwa miwani, hii mpya ina sehemu ya kuonea mbali juu na ya kusomea chini. Programu ilinishauri niinue skrini hadi ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho, nikaiweka mpakato juu ya rimu mbili za karatasi na kuchomeka kibodi ya pembeni. Rangi ikawa kijani zaidi, maumivu nayo yakazidi.

Pili, dada wa huduma kwa wateja hubana simu kwa bega huku anaandika. Zile dakika 10 za kamera hakupigiwa simu hata moja. Kijani. Tatu, vijana wa stoo wanaonyanyua maboksi hawamo kabisa, kwa sababu programu inataka mtu aliyekaa. Nne, watu wanaiogopa kamera. Kaka mmoja wa uhasibu ameibandika plasta na anasema haiondoi. Mwingine alijibu "hapana, hapaumi" maswali yote ili amalize haraka, nami nilimwona kwa macho yangu.

Mwisho wa mwezi natakiwa niandike pendekezo. Nikisema programu haifai, nitaonekana mtu wa zamani anayeogopa teknolojia. Nikisema inafaa, shingo yangu itanisuta. Nishauri.

Mwenye Shingo Ngumu

*

Marahaba, mwanangu.

Jina ulilojipa limenichekesha. Wenye shingo ngumu ninaowajua mimi huwa hawaombi ushauri. Yako haina ukaidi wowote, inauma tu, na nadhani najua inaumia wapi. Tuanze nayo, ya mkurugenzi yatafuata.

Miwani umeitaja kwa pumzi moja ukapita. Turudi hapo. Kuinua skrini hadi ukingo wa juu uwe usawa wa macho si ushauri mbaya, hata mimi nimeutoa mara nyingi katika kazi hii ya mtaalamu wenu, ambayo ni yangu pia, ila unamfaa mtu anayeona skrini kwa kioo chote cha miwani yake. Wewe sehemu ya kusomea iko chini ya kioo. Skrini ikipanda, huna njia ya kusoma isipokuwa kuinua kidevu ili maandishi yaangukie pale chini. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikilala nyuma hata kidogo tu, misuli ya nyuma ya shingo inabaki imejikunja kutwa nzima. Na kamera iko wapi? Mbele yako, juu ya skrini ile ile. Kidevu kikiinuka kuielekea, kwa mbele unaonekana mtu aliyekaa wima, tena kwa heshima zake. Kijani chako kimetoka hapo.

Hakikisha kabla hujaniamini. Mwombe mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa unasoma tarakimu ndogo, saa tisa alasiri, na asikuambie atapiga lini. Ukijua tu, utajiweka sawa na picha haitakuwa na maana. Kidevu kikionekana juu, toa rimu moja, pengine zote mbili, ilaze skrini nyuma kidogo, kibodi ibaki ya pembeni. Kisha pima kwa tepu umbali kutoka jicho hadi skrini, uandike kwenye karatasi uende nayo kwa daktari wa macho. Sehemu ya kusomea kwa kawaida hupimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, ilhali skrini za watu wengi ziko sentimita 50 hadi 75. Anaweza kukuandikia miwani ya umbali huo peke yake. Lakini ukisikia ganzi vidoleni, mkono kuishiwa nguvu, au maumivu yanayoshuka begani hadi mkononi, usingoje miwani wala programu. Nenda hospitali.

Sasa angalia tatizo hili limeonekanaje. Sijakuona wala sijapima pembe yoyote. Umeniambia jambo ambalo wewe mwenyewe hukuliona kuwa ni jibu, nami nikalishika. Maswali 30 yanaweza kukuuliza kama unavaa miwani. Hayakuulizi unainua nini ili uweze kusoma.

Nikueleze na rangi zile zinakotoka, maana watu wakiona rangi hudhani kuna daktari ndani ya kompyuta. Programu nyingi za kamera zinatafuta viungo kwenye picha, yaani bega, kiwiko, nyonga na goti, zinavuta mistari kati yake, zinapima pembe, kisha zinaingiza pembe hizo kwenye majedwali ambayo sisi tulikuwa tunayajaza kwa penseli. Jedwali moja maarufu linaitwa RULA, lilichapishwa mwaka 1993 na McAtamney na Corlett wa Nottingham, Uingereza. Alama zake ni 1 hadi 7: ukipata 1 au 2 hakuna wasiwasi, ukipata 7 kazi ichunguzwe na ibadilishwe mara moja. Nimelitumia miaka mingi na ninaliheshimu. Ila jedwali hilo haliishii kwenye pembe. Linataka uongeze alama kama tendo linarudiwa mara 4 kwa dakika, na uongeze tena kama mkono umebeba zaidi ya kilo 2. Kilo haionekani kwenye picha. Boksi tupu na boksi lililojaa mafaili yana sura moja.

Mkurugenzi wako ana haki anaposema kompyuta haina upendeleo. Wapimaji wawili tukikaa mbele ya mtu mmoja, mara kwa mara tunapishana alama, na huyo tunayempima haoni aibu kutuuliza nani mkweli. Programu itatoa jibu lile lile leo na kesho. Lakini hata mizani iliyoharibika hutoa jibu lile lile leo na kesho.

Kuna mwanamama mmoja nilimkuta akiingiza takwimu. Mgongo wima, viwiko nyuzi 90, skrini mahali pake. Ungempiga picha ungeibandika ukutani iwe mfano. Na kiuno kilikuwa kinamuua. Nilipita meza yake mara mbili nisione kitu. Mara ya tatu nikaomba ruhusa, nikapitisha mkono kati ya mgongo wake na egemeo la kiti. Mkono ukapita mzima hadi kiwiko. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, haegemei, na hakuwahi kuegemea tangu apewe kiti kile miezi minne nyuma. Kwa nini? Mikono ya kiti ilikuwa mirefu, ikigonga ukingo wa meza, kwa hiyo kiti hakiingii, na kwa kuwa kiti hakiingii yeye ndiye anaifuata kibodi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akainama akaninong'oneza kwamba kile kilikuwa kiti cha meneja aliyehama, na kiti chenye mikono si cha kila mtu pale, angeonekana hana shukrani. Skrubu nne, bisibisi, dakika sita. Mikono ya kiti tukaificha kabatini.

Ningependa kusema kamera isingeweza kuliona pengo lile. Pengine kamera ya ubavuni ingeliona. Ila maneno yale ya kiti cha meneja hayaonekani kwa ubavu wala kwa mbele, na bila hayo mtu angeletewa mto wa kiunoni, ripoti ikafungwa.

Basi usije ukadhani mimi ni wakili wa wenye mikoba. Ziara zetu zina aibu zake. Tukiingia ofisini, migongo inanyooka kama darasa mwalimu mkuu akipita. Watafiti wa viwandani wana jina la jambo hili, wanaliita athari ya Hawthorne, kwa jina la kiwanda kilichokuwa karibu na Chicago ambako majaribio yalianza mwaka 1924. Tunaona dakika 15 za mtu, tena asubuhi, tena akiwa mgeni wa mkao wake mwenyewe. Niliwahi kumpitisha mtu wa mishahara kuwa hana tatizo, saa nne asubuhi, meza safi, anacheka. Baadaye ofisi ikaweka programu ndogo inayohesabu muda wa kuandika na kukumbusha watu kupumzika. Ikaonyesha kwamba siku tatu za mwisho wa mwezi yule bwana alikuwa anaandika saa tatu mfululizo usiku bila kuinua mikono kwenye kibodi. Mimi usiku nilikuwa nimelala. Viganja vyake vilivimba na ripoti yangu ilikuwa inasema yuko sawa. Siku ile programu ilinishinda, na nimekuwa nikilisema hadharani tangu hapo.

Kwa hiyo swali la mkurugenzi, mtu au programu, silipendi lilivyoulizwa. Programu inajua mara ngapi, kwa muda gani, na watu wangapi. Inawafikia wale 40 wa nyumbani, ambao mtaalamu wenu kwa miaka yote hajawahi kuwaona, na mmoja wao nina hakika anafanyia kazi kitandani. Mtu aliyefunzwa anajua kwa nini. Ukimfukuza mmoja, yale aliyokuwa anayajua yanaondoka naye, na hakuna atakayegundua, maana kijani haina mlalamikaji.

Uingereza, ambako waajiri wanabanwa na kanuni za mwaka 1992 kuchunguza meza za watu wa kompyuta, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama kazini, HSE, imeliweka wazi: programu inaweza kuwafunza wafanyakazi na kuwasaidia kushiriki katika tathmini, lakini peke yake si tathmini, aliyefunzwa lazima ayapitie majibu, ashughulikie yenye mashaka na arudi kwa mfanyakazi. Angalia sheria yenu wenyewe inasemaje, lakini hoja hii mpe mkurugenzi hata kama haiwabani. Hakuna atakayekuita mtu wa zamani kwa kuisema.

Pendekezo lako lianze na wale 22 wa kijani, si wale 4 wengine. Hao 4 tayari wameonekana. Weka swali moja ambalo halifutwi na rangi yoyote: "Je, panauma?" Na kanuni iwe kwamba mtu akisema panauma, kijani chake kinakufa papo hapo, anapelekewa mtu. Rangi ikibishana na mwili, mwili unaaminiwa. Aliyejibu "hapaumi" mara 30 naye atembelewe, kwa sababu aliyejibu vile ama ana bahati kubwa ama ana haraka. Mtaalamu aje kwa hao, wachache, akae na kila mmoja saa nzima badala ya dakika 15 za kila mtu. Siku zake zinaweza zisipungue sana, lakini zitakuwa zimekwenda panapouma. Wa nyumbani wampigie kwa video, simu ikiwa imesimamishwa ubavuni, si mbele.

Dada wa simu hahitaji tathmini ya aina yoyote. Mnunulieni hedifoni yenye maikrofoni, kesho. Inanikera tunavyoweza kumpima mtu miezi mitatu ili tukubali jambo ambalo kila anayepita mlangoni analiona.

Stoo ni kazi nyingine na msikubali iitwe "tutaiangalia baadaye". Huko ndiko migongo inakoharibika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ina hesabu ya kunyanyua, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991, inayoanza na kilo 23 kwa mnyanyuo ulio katika hali bora kabisa: mzigo karibu na mwili, urefu mzuri, bila kujipinda, si mara nyingi. Kutoka hapo inapunguza tu. Mzigo ukiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, unabaki na kilo 23 zako. Ukiwa sentimita 50, kwa sababu rafu ina ukingo au kijana anaogopa kuchafua shati, zinakuwa kilo 11 na nusu, hata kabla hujahesabu kwamba amejipinda na kwamba hili ni boksi lake la sitini. Hesabu hii kompyuta inaifanya vizuri kuliko mimi, na kuna programu za simu za kuifanyia. Lakini lazima mtu apige goti na tepu, apime kutoka kifundo hadi mikono inaposhika, na alipime boksi kwa mizani. Nenda wewe mwenyewe. Hutahitaji mtaalamu kugundua kwamba maboksi mazito yamewekwa rafu ya chini kabisa, kwa sababu karibu kila stoo ninayoijua inafanya hivyo.

Limebaki la kamera. Kabla ya kumlaumu kaka wa uhasibu, muulize muuzaji wa programu maswali ambayo yule kaka angeuliza kama angepewa nafasi: picha inahifadhiwa au inafutwa baada ya kupimwa? Inabaki kwenye mpakato au inasafiri? Nani anaona alama za mtu mmoja mmoja, na je, msimamizi wake ni miongoni mwao? Dakika 10 hizo zinaweza kugeuzwa zikahesabu nani yuko mezani na nani hayupo? Majibu yaje kwa maandishi, yabandikwe ubaoni, na kamera iwe hiari. Muuzaji akijiumauma, umeshapata jibu.

Na kaka mwenyewe, mwache na plasta yake. Mpe yale maswali kwenye karatasi, kisha siku mtaalamu akija aanze na meza yake. Wewe uwe wa pili, na usije na mkao wa picha.